Maji Yasiyolipiwa

Babu alikufa Jumatano, na Jumapili baba yangu alikuwa apewe ushemasi. Siku nne tu zilibaki.

Kwa miaka ishirini na miwili Baba alikuwa katekista wa Askofu Denby. Alimfundisha lugha yetu, akamwandikia barua, akamtangulia vijijini na mwavuli na kengele ya mkononi. Katika miaka yote hiyo askofu yule hakumwekea mikono mtu wetu hata mmoja. Baba ndiye angekuwa wa kwanza. Kanzu yake nyeupe nilimshonea mwenyewe kwenye baraza ya nyuma ya nyumba ya Askofu, mwanangu A-Ping akiwa mgongoni, ananivuta nywele kila nikiinama kukata uzi. Mume wangu alikuwa mpishi melini, anakuja Hong Kong mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mimi na mtoto tulikaa na Baba katika chumba kilicho nyuma ya jiko la Askofu. Nilifua, nilipika uji, nilipeleka chai. Mengi niliyaona nikiwa mlangoni na trei mkononi.

Habari ililetwa na mama mmoja wa mashua, yule aliyekuwa akituuzia samaki wa chumvi. Hakuweka hata kikapu chini.

"Kaka Mok, pole. Mzee wako katutoka leo asubuhi. Wamemlaza sebuleni, uso umefunikwa karatasi nyeupe. Wanakungoja wewe."

"Mdogo wangu yupo?"

"Yupo. Lakini wanakungoja wewe. Si unajua?"

Baba alijua. Kwetu, mzazi akifa, mtoto wake wa kwanza wa kiume huchukua bakuli, huenda mtoni, hutupa sarafu majini, huchota, kisha hurudi kumwosha uso marehemu. Huko ndiko kununua maji. Anayenunua maji ndiye mtoto. Asiyenunua, hata kama alimlisha mzazi miaka arobaini, si mtoto tena, na siku yake ikifika hana pa kulazwa karibu na wazee wake.

Na kwenye mlango wa kanisa letu zilibandikwa Kanuni Kumi na Mbili za Askofu. Ya saba ilisema: Mkristo asinunue maji ya kuoshea maiti, wala asiende mtoni na chombo siku ya msiba.

Mwandiko ulikuwa wa Baba.

*

Inafaa nimseme Askofu kidogo, maana wengi waliomsema baadaye hawakuwahi kumfulia shati.

Wabeba machela wa mjini walimwita Korongo. Alikuwa na miguu mirefu, koti jeusi, shingo nyembamba, na alikataa kubebwa. Wazungu wenzake wote walipanda mlima wamekaa kwenye machela, miguu imenyooshwa, pazia limeshushwa. Yeye alipanda kwa miguu, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, na wabeba machela wanamfuata nyuma na machela tupu.

"Korongo, panda bwana! Leo bure, tupate thawabu!"

"Mwache, anaogopa tutamwangusha akamwone Mungu wake kabla ya wakati."

Aliwaelewa, maana Baba alimfundisha mpaka matusi. Aligeuka akawajibu kwa lugha yetu bila kucheka, "Miguu yangu haiombi chai," nao wakacheka mpaka wakaweka machela chini.

Kwao alizaliwa katika mji wa mvua, baba yake fundi wa saa. Mara ya kwanza alikuja kwetu kijana, mwalimu tu wa dini. Akarudi kwao, wakamweka wakfu kuwa askofu akiwa na miaka thelathini na tisa, akaja tena na mke na watoto wawili. Kwenye karatasi dayosisi yake iliizidi nchi yao kwa ukubwa mara kadhaa. Kwenye ardhi ilikuwa kanisa moja la mawe, shule moja ya wasichana, na vijiji tisa vyenye waumini wa kujaza mashua mbili. Kiangazi chake cha pili homa iliwachukua watoto wote wawili ndani ya siku sita, yeye akiwa mbali juu mtoni anatoa kipaimara. Mwaka uliofuata ikamchukua mama yao. Ndugu zake waliandika wakimsihi arudi. Hakurudi. Aligombana na gavana juu ya vibali vya nyumba za kamari, na tangu hapo hakualikwa tena mezani kwa gavana. Aligombana na matajiri wa kasumba, nao wakahamishia sadaka zao kwingine. Vita vyake na wakubwa alishindwa vyote. Sisi tu ndio alioweza kutushinda.

Alitupenda, sitasema uongo. A-Ping alipougua kifaduro alikuja mwenyewe na dawa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamshikia kijiko. Lakini aliyevunja kanuni alisomewa jina Jumapili mbele ya watu, kisha alitoka kwa mlango wa pembeni. Mjane Ng alisomewa, kwa sababu alificha kibao cha mizimu chenye jina la marehemu mumewe ndani ya pipa la mchele. Seremala wetu naye alisomewa. Nilimwona mama Ng akilia pale pale kwenye benchi, ameshika kikapu chake, hajui aanze na mguu gani.

Na ile kanuni ya saba, mwanzo ilikuwa fupi. Ilikataza kununua tu. Baba ndiye aliyesema iongezwe. Nilikuwepo, ndiyo kwanza nilikuwa msichana wa kufagia.

"Baba Askofu, watu wangu nawajua. Ukiwakataza kulipa, watachota bila kulipa, halafu moyoni watasema wamelipa. Funga na mlango wa nyuma."

Ndipo ikaandikwa: wala asiende mtoni na chombo. Askofu alicheka siku ile, jambo la nadra. "Mok," alisema, "wewe ungekuwa fundi wa kufuli."

*

Jumatano ile ile jioni, jua halijazama, Baba aliingia kuomba ruhusa. Askofu alikuwa mezani anaandika hotuba ya Jumapili. Alisimama.

"Pole sana, Mok. Alikuwa na umri gani?"

"Themanini na moja."

"Mungu alimjalia."

"Ndiyo, Baba Askofu."

Niliweka chai. A-Ping alinyoosha mkono kuushika msalaba wa kifuani kwa Askofu, nikamrudisha nyuma.

"Unajua nitakachosema," alisema Askofu.

"Najua. Niliandika mwenyewe."

"Mdogo wako hawezi kufanya?"

"Mdogo hufanya kama mkubwa amekufa. Shu-wing akifanya, mimi nimekufa."

Askofu alitazama dirishani. Kutoka pale, siku isiyo na ukungu, unaiona miti ya makaburini walikolala watoto wake.

"Sikukatazi kumzika. Mzike. Mlilie. Vaa magunia yenu ya msiba ukitaka. Lakini mto uache."

"Ndiyo, Baba Askofu."

"Jumapili, saa nne asubuhi. Nimeshawaalika watu."

"Jumapili saa nne," alisema Baba.

*

Tulivuka kwenda bara Alhamisi alfajiri, tukafika kijijini kabla ya adhuhuri. Joto la mwezi wa sita lilikuwa limeshatanda, na mashamba ya mpunga yalinuka matope yaliyopikwa. Baba Mdogo Shu-wing alisimama mlangoni na vazi lake la katani.

"Ohoo! Shemasi wa mapepo ya ng'ambo amefika. Na viatu vikavu kabisa! Au siku hizi mnatembea juu ya maji?"

"We Shu-wing," mkewe alimkemea, "mtu hata kofia hajavua."

"Nani kamkataza kuvua? Nimemsifu viatu tu."

Ndani, Bibi alikaa kwenye kigoda kando ya maiti, anapepea na kipepeo cha ukindu, anafukuza nzi. Karatasi nyeupe iliyofunika uso wa Babu ilikuwa imelowa pembeni. Bibi hakulia alipotuona. Alimpokea A-Ping, akamnusa shingoni, akanirudishia.

"Shu-tin, mwanangu," alimwambia Baba, "baba yako anaona joto. Chukua bakuli."

Bakuli lilikuwa jipya, la udongo, limewekwa juu ya sinia. Kando yake zilikuwa sarafu tatu za shaba zenye tundu katikati. Baba alipiga magoti. Alikaa hivyo muda mrefu, jasho likamchora mgongo wote. Nilijua anafikiri nini, maana na mimi nilikuwa nafikiri hayo hayo: upande huu Babu, upande ule Jumapili.

"Na asipochukua?" alisema Baba Mdogo.

"Atachukua," alisema Bibi.

Baba alichukua bakuli. Sarafu aliziacha juu ya sinia.

"Umesahau kitu," alisema Baba Mdogo.

"Sikusahau."

Mpiga zumari alianza, tukatoka. Kijiji kizima kilitufuata mpaka mtoni, wanawake na uzi mweupe nywelani, watoto wanasukumana wapate kuona. Baba alipiga magoti ukingoni. Aliinamisha kichwa, akasali kwa sauti ya chini, kisha akazamisha bakuli.

Watu wote walikuwa wanausikilizia mlio ule mdogo wa sarafu inapoingia majini. Haukuja. Mpiga zumari akakosa pumzi katikati ya wimbo, akaacha.

"Kaka," alisema Baba Mdogo, "lipa."

"Mto huu ni wa Mungu, Shu-wing. Hauuzwi."

Baba Mdogo alimsogelea. Sauti ya utani ilikuwa imemtoka kabisa. Alikuwa amezibeba zile sarafu kiganjani.

"Lipa, kaka. Tupa tu moja. Funga macho kama hutaki kuona. Usinifanye nikuombe mbele ya watu."

Baba alimpita na bakuli lake, anatembea polepole ili maji yasimwagike. Nyuma yetu mzee mmoja alipaza sauti: "Maji ya wizi! Mzee Mok anaoshwa na maji ya wizi!" Na watoto wakalidaka neno hilo wakaenda nalo mpaka mlangoni kwetu.

Bibi hakumzuia. Baba aliondoa karatasi, akalowesha kitambaa, akamwosha Babu paji la uso, kope, pembe za mdomo, nyuma ya masikio. Alimwosha kama ninavyomwosha A-Ping, anapuliza kidogo maji yasiingie machoni. Alipomaliza, Bibi alilichukua lile bakuli, akaenda nalo kizingitini, akamwaga maji yaliyobaki vumbini.

"Shu-wing," alisema, "chukua bakuli jingine."

Baba Mdogo alikwenda. Safari hii zumari lilipigwa mpaka mwisho, na hata sisi tuliobaki nyumbani tulijua ni lini sarafu zimeanguka, kwa jinsi wanawake walivyoanza kulia. Akarudi, akamwosha Babu mara ya pili, pale pale, uso ule ule ambao ulikuwa bado haujakauka.

Basi Babu alioshwa mara mbili, na baba yangu akawa amekufa. Ijumaa, wakati wa kuzika, Baba Mdogo alitembea mbele ya jeneza. Baba alitembea nyuma na majirani, na hakuna aliyemwambia asogee mbele wala arudi nyuma.

*

Ndani ya mashua Jumamosi asubuhi, kisiwa kilipoonekana, Baba alinigeukia.

"Sikulipa, A-Fa. Uliona sikulipa."

"Niliona, Baba."

"Basi."

Aliweka mikono magotini kama mtu aliyeokoa kitu kimoja kwenye nyumba iliyoungua. Ndipo nilipokumbuka sehemu ya pili ya kanuni. Nilimtazama, nikamwona naye ameikumbuka. Uso wake ulibadilika polepole, kama chai inavyopoa.

"Usimwambie," nilisema. "Nani atamwambia? Baba Mdogo hawezi kuvuka maji kuja kusema umbeya kwa Wazungu."

"Ataniuliza. Kila anayepewa daraja huulizwa Jumamosi."

"Akuulize. Sema hukutupa sarafu. Ni kweli."

"Ni nusu."

"Nusu ya kweli si uongo, Baba!"

"Ungekuwa hujawa mama ningekuzaba kibao," alisema, lakini kwa upole, akamfunika A-Ping jua kwa kofia yake.

Askofu alimpokea ofisini alasiri ile. Nilipeleka chai, na hakuna aliyeniambia niondoke. Kanzu niliyoishona ilikuwa imening'inizwa nyuma ya mlango, imepigwa pasi. Askofu aliuliza maswali yote ya kitabuni, Baba akajibu. Kisha akaweka kitabu chini.

"Na mazishi?"

"Tulimzika."

"Ulinunua maji?"

"Hapana, Baba Askofu."

Uso wa Askofu ulifunguka. Alinyoosha mkono amshike Baba bega.

"Lakini nilikwenda mtoni," alisema Baba. "Na bakuli. Nilichota bila kulipa."

Mkono wa Askofu ulibaki hewani, kisha ukashuka mezani.

"Kwa nini?"

"Mama alisema baba anaona joto."

"Basi ungelipa!" Sikuwahi kumsikia akipaza sauti ndani ya nyumba. "Kama ulikuwa unakwenda, ungelipa, Mok! Wangekuwa na mtoto wao. Sasa wao hawana na mimi sina."

"Nilidhani patakuwa na nafasi katikati," alisema Baba. "Nafasi ndogo tu, ya kusimama mtu mmoja."

"Ilikuwepo. Wewe ndiye uliyeniambia niifunge."

Nje wabeba machela walikuwa wanapiga kelele za kubishania abiria. Askofu alikaa. Alionekana mzee kuliko Jumatano ile.

"Mama Ng nilimsomea jina," alisema. "Kwa kibao cha urefu wa kiganja. Seremala naye. Watu kumi na tisa, Mok, na wote majina yao uliyaandika wewe. Nikikuwekea mikono kesho, mama Ng nitamwambia nini?"

"Mwambie arudi."

Nilishika trei kwa mikono miwili. Nilimwomba Mungu, kwa maneno ya kwetu na ya kanisani yote pamoja, Askofu aseme ndiyo. Alikuwa na kalamu mkononi. Karatasi ilikuwa yake, kufuli lake, ufunguo wake. Alimtazama Baba, akaiweka kalamu chini.

"Siwezi," alisema.

Jumapili saa nne Wazungu walikuja na kofia zao, na watu wetu walikuja na watoto waliopakwa mafuta usoni. Wakatangaziwa kwamba ni ibada ya kawaida. Jina la Baba halikusomwa, aibu hiyo Askofu alimwepushia. Baba ndiye aliyepiga kengele, kama kila Jumapili. Kanzu niliikunja, nikaitia sandukuni na kafuri.

*

Baba hakuondoka. Wengi walimshangaa, mpaka wabeba machela.

"Mok, huna kwenu, huna kwao. Bado unamwandikia Korongo barua?"

"Mwandiko wake mbaya," alisema Baba.

Askofu naye alibadilika, ila si kwa namna niliyoiomba. Alitembea zaidi. Alikwenda vijiji vyote tisa kwenye jua la mwezi wa saba, kijiji baada ya kijiji, kana kwamba kuna kitu alikidondosha njiani. Siku moja wakati wa kupanda mlima miguu ile mirefu ilikataa. Alianguka karibu na ukuta wa kanisa. Wabeba machela wawili walimwokota, wakamlaza kwenye machela yao, wakampandisha mpaka nyumbani. Hawakuomba chai. Mmoja wao alilia, akasema ni jasho.

Alilala siku kumi na moja. Baba alikaa naye kila siku kutoka asubuhi, na mimi nilibadilisha mashuka. Siku ya kumi, akili yake ikiwa imetulia, Askofu alisema:

"Baba yangu alipokufa nilikuwa huku. Barua ilichukua wiki kumi na moja. Sijui nani alimwosha."

"Kuna mtu alimwosha, Baba Askofu."

"Labda."

Alifumba macho. Nilidhani amelala, kumbe bado.

"Mok. Ile sehemu ya pili."

Baba aliinama karibu. Nami nilisimama na shuka mikononi. Nilifikiri, sasa. Sasa atasema. Hakuna mtu mwingine humu, na maneno machache tu yanatosha.

"Iliandikwa vizuri," alisema Askofu. "Haikuwa na tundu hata moja."

"Ahsante, Baba Askofu," alisema Baba.

Alikufa kesho yake adhuhuri. Daktari alisema tusimguse, watu wa hospitali watakuja kumtengeneza. Daktari alipotoka, Baba alichukua beseni la chumbani mle mle, akamimina maji ya mtungi niliyoyateka asubuhi bombani, akakunja mikono ya shati. Alimwosha paji la uso, kope, pembe za mdomo, nyuma ya masikio. Hakwenda mtoni, hakubeba chombo njiani, hakutupa sarafu. Hakuna kanuni aliyoivunja. Askofu hakuwa na mtoto wa kuulizwa.

Siku ya mazishi makasisi wa Kizungu walitangulia na mavazi meupe. Baba alisimama pembeni ya barabara, hajui aingie safu ipi.

"Njoo huku kwetu, Mok," aliita mbeba machela mmoja. "Huku hakuna daraja, kuna jasho tu."

Akaenda kwao.

*

Askofu mpya aliletwa na meli ya mwezi wa kumi na moja. Kijana, mpole, mashavu mekundu. Alisimama mlangoni mwa kanisa akaugusa mwandiko wa zile Kanuni kwa kidole, akasema kwa mkalimani kwamba ni mzuri sana, asiuondoe mtu. Kesho yake Baba alianza kumfundisha lugha yetu. Mchele. Mlango. Maji.

Jioni moja nilikuwa namwogesha A-Ping barazani, anapiga maji kwa viganja vyote viwili, ameshatulowesha sote. Baba alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Ile kanzu," alisema, "kata umshonee mtoto. Kitambaa kizuri kile."

"Sikati."

"Inakaa bure."

"Na ikae. Sikati, Baba."

Hakubisha. Alimtazama A-Ping.

"Shu-wing amewaapisha wanawe. Hakuna atakayeninunulia mimi maji. Na mtoto wa kiume sina."

"Mimi nipo."

"Binti hanunui maji, A-Fa. Haijapata kuonekana."

"Na katekista kuiba maji, ilipata kuonekana?"

Alinikazia macho. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu kiangazi, kicheko kibovu kilichomtoka puani, na A-Ping akacheka kwa kuwa babu yake kacheka.

"Mimi nitakwenda," nilisema. "Mtoni, bombani, popote. Wakinisomea jina, wanisomee. Baba Mdogo akizomea, azomee. Ila uniambie mapema, nilipe au nisilipe. Ukisema nilipe, nitatupa sarafu mpaka wasikie ng'ambo. Ukisema nisilipe, sitalipa. Nataka tu nijue nafanya unalotaka wewe."

Alifikiri. Maji ya beseni yalianza kupoa, nikamtoa mtoto.

"Sijui," alisema mwishoni. "Bado sijui."

"Si lazima leo."

"Hapana. Si leo." Akanyoosha mikono. "Hebu mlete. Umemwacha povu sikioni."

Nikampa mtoto na kitambaa.